Gari Limezima Ndani ya Maji: Jinsi ya Kuokoa Injini Kabla Hujapiga Stata

Mvua za msimu zikikolea Lindi na Mtwara, gereji zetu hupokea magari yenye ugonjwa mmoja. IST, Probox, Noah, RAV4, yote yamevutwa kwa kamba kutoka kwenye maji, injini imekwama au inagonga. Ukimuuliza dereva ilikuwaje, jibu halibadiliki: gari lilizima katikati ya maji, akapiga stata likagoma, akapiga tena, vijana wakasukuma, akaachia klachi, kikasikika kishindo.

Nyingi ya injini hizo zilikuwa bado nzima wakati gari linazima. Ziliuawa na kile kilichofanyika baadaye. Ndiyo maana mwongozo huu unaanzia pale gari linapozima, na unakwenda hatua kwa hatua hadi injini iwake tena kwa usalama, au hadi ujue kwamba haipaswi kuwashwa kabisa.

Maelezo mengi ni ya gari dogo la petroli. Dizeli ina sehemu yake mbele. Kama hujawahi kushika spana, jifunze hatua ya 1 hadi ya 4 mpaka zikukae kichwani, halafu zilizobaki zisimamie fundi wako akizifanya mbele yako.

## Vifaa vya kuwa navyo

Msimu wa mvua, hivi viwe ndani ya gari au nyumbani mahali panapofikika:

- Kamba imara ya kuvutia gari, pamoja na ile kulabu ya kufunga mbele inayokuja na gari. Angalia leo kama bado ipo kwenye mfuko wa jeki.
- Soketi ya 10 kwa betri na koili (zile zinazopeleka umeme kwenye plagi), ya 14 kwa nati ya kumwagia oili, na soketi ya plagi. Injini ya 1NZ-FE iliyomo kwenye IST na Probox nyingi hutumia soketi ya plagi ya 16. Uwe na ekstensheni ndefu, kwa sababu plagi zimekaa ndani sana.
- Sindano kubwa ya plastiki ya mililita 50 au 60, na kipande cha mpira mwembamba, hata wa dripu, wa kuchomeka mdomoni mwake.
- Oili mpya ya kubadilisha mara mbili. 1NZ-FE hupokea lita 3.7 pamoja na filta, kwa hiyo dumu mbili za lita 4.
- Filta mbili za oili na eya klina moja mpya.
- Karai, tochi, vitambaa vikavu visivyotoa nyuzi, na chupa ya plastiki ya uwazi ya kukingia oili uione.

Kama jirani kuna fundi pancha mwenye kompresa, kazi itakwenda haraka zaidi. Bila kompresa inafanyika pia.

## Kwa nini maji kidogo yanatosha kuvunja injini

Ndani ya silinda pistoni hupanda na kuibana hewa. Hewa hubanika. Maji hayabaniki.

Chukua hiyo 1NZ-FE. Silinda moja ina ujazo wa kama mililita 374, na pistoni ikifika juu kabisa, nafasi inayobaki ni kama mililita 39 tu, yaani chini ya vijiko vitatu vya chakula. Maji yakizidi hapo, pistoni haina pa kwenda, lakini krenki, ile shafti inayozungushwa na pistoni, bado inaisukuma. Kinachosalimu amri ni konrodi, ile fimbo inayounganisha pistoni na krenki. Inapinda, au inavunjika na kutoboa bloku, yaani mwili wa injini.

Injini ikimeza maji mwendo ukiwa mdogo, mara nyingi inazima yenyewe kabla ya kuvunja kitu. Hapo bado una nafasi. Ukipiga stata unailazimisha pistoni kupanda juu ya maji. Ukisukumwa na kuachia klachi ni vibaya zaidi, maana sasa uzito wa gari zima, tani moja kwa IST, unapita kwenye fimbo hiyo moja.

## Hatua ya 1: Rudisha swichi nyuma, na usijaribu tena

Gari likizima ndani ya maji, chukulia kwamba injini imekunywa maji mpaka uthibitishe vinginevyo. Rudisha swichi hadi ACC. Usitoe ufunguo bado, kwa sababu usukani utajifunga na utashindwa kulielekeza gari likisukumwa. Zima taa, redio na AC.

Gari la kitufe ni hatari zaidi hapa, maana kidole hubonyeza chenyewe bila mtu kufikiri. Mpe abiria ufunguo atoke nao.

Abiria, wapita njia, hata dereva mwenzako aliyesimama nyuma, wote watakwambia ujaribu mara moja tu. Hiyo mara moja ndiyo inayopinda konrodi. Kataa.

Umefanikiwa ikiwa: gari liko kimya na hakuna aliyegusa stata tangu lizime.

## Hatua ya 2: Watu kwanza, gari baadaye

Tazama maji. Yanatembea? Yanapanda? Maji yanayokwenda kasi yenye kina cha sentimita 15 yanaweza kumwangusha mtu mzima. Sentimita 30 zinatosha kuanza kuliinua gari dogo, na sentimita 60 hubeba magari mengi, makubwa yakiwemo. Kama yanatembea na kupanda, toeni watoto na wazee, nendeni sehemu ya juu, gari libaki. Zimamoto na Uokoaji wanapatikana kwa 114, Polisi kwa 112.

Mito yetu hudanganya. Lukuledi inashuka na maji ya upande wa Masasi hadi baharini Lindi, na Mbwemkuru na Matandu nayo huleta maji ya mbali. Jua linaweza kuwa linawaka hapo ulipo, huku maji ya mvua iliyonyesha bara yako njiani. Ukiwa upande wa Ruvuma, kumbuka pia kuna mamba. Usiku usiingie majini kwa ajili ya gari.

Maji yakiwa yametulia, gari lisukumwe hadi pakavu. Weka gia huru. Waambie vijana wazi: "Jamani, sitawasha, sukumeni tu tufike pale juu." Wamezoea kusukuma ili gari liwake, na wasipoambiwa wataanza kukimbia.

Kwa gari la otomatiki, fungua swichi hadi ON bila kupiga stata, kanyaga breki, weka N, kisha rudisha ACC. Ikigoma kutoka P, tafuta kile kitufe kidogo karibu na mkono wa gia kilichoandikwa SHIFT LOCK.

Ukivutwa kwa kamba hadi gereji, sheria ni ile ile: gia huru. Otomatiki ya magurudumu ya mbele isivutwe mbali matairi ya mbele yakiwa chini, kwa sababu gia boksi huzunguka bila kulainishwa. Likiwa la kuendesha magurudumu yote manne, subiri brekidauni ya kulibeba zima.

Umefanikiwa ikiwa: gari liko kwenye ardhi kavu, pua imeinama kidogo kama inawezekana, na krenki haijazunguka hata mara moja.

## Hatua ya 3: Piga picha, kisha toa betri

Picha kwanza. Piga mstari wa tope ulioachwa na maji kwenye milango na ndani ya boneti, piga kabati la hewa, piga mahali gari lilipozimia. Kama una bima kubwa, wapigie kabla hujafungua kitu na uwaulize wanataka nini, kwa sababu masharti kuhusu mafuriko hutofautiana kati ya bima na bima. Bima ndogo hailipi uharibifu wa gari lako mwenyewe.

Sasa legeza terminali hasi ya betri kwa soketi ya 10, uitoe na kuisogeza mbali. Maji na umeme vikikaa pamoja, pini za soketi za nyaya huliwa na kutu ya kijani ndani ya siku chache, na baadaye utahangaika na hitilafu ambazo hakuna mashine ya kusoma kodi itakayozitaja kwa usahihi.

Onyo: gari la haibridi, kama Aqua au Prius, lina nyaya nene za rangi ya chungwa. Usiziguse na usiendelee na mwongozo huu. Mtafute fundi wa umeme anayezijua.

## Hatua ya 4: Soma alama tatu

Hii ndiyo hatua inayoamua kila kitu. Usiifanye kwa haraka.

Ya kwanza ni eya klina. Fungua kabati lake. Ikiwa karatasi imelowa, au kuna maji au tope chini ya kabati, injini imekunywa. Toa pia lile bomba linalokwenda injini, pitisha kitambaa kikavu ndani. Kitambaa kikitoka na unyevu, maji yamevuka kichujio.

Ya pili ni oili. Chomoa dipstiki, ifute, irudishe, ichomoe tena. Ikiwa oili imegeuka rangi kama chai ya maziwa, au imepanda juu ya alama ya juu kuliko ilivyokuwa, maji yako kwenye sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini. Maji yaliyotuama bila kuchanganyika hukaa chini kabisa, kwa hiyo oili safi kwenye dipstiki peke yake si cheti.

Ya tatu ni ule mstari wa tope. Fungua boneti, fuata bomba la hewa kutoka kabati la eya klina hadi mdomo wake wa nje. Kwenye magari mengi madogo mdomo huo uko nyuma ya grili, karibu na usawa wa taa. Linganisha na mahali maji yalipofika. Wengi hushangaa kukuta maji yalikuwa chini ya mdomo, lakini basi au semi lilipita upande wa pili likasukuma wimbi.

Eya klina ikiwa kavu, bomba kavu na oili safi, huenda maji yamelowesha koili au soketi za nyaya tu, na gari limezima kwa kukosa moto. Hata hivyo ninashauri utoe plagi uangalie. Ni kazi ndogo, na ukikosea hapa unalipa injini.

Alama yoyote ikiwa na maji, usiruke hata hatua moja kati ya zinazofuata. Na zifanywe siku hiyo hiyo. Maji yakilala ndani ya silinda, kuta zake huanza kushika kutu na ringi za pistoni kung'ang'ania, na gari ambalo lingeokolewa kwa oili na plagi linaishia kwenye ovahoo.

## Hatua ya 5: Kausha visima vya plagi, ndipo utoe plagi

Chomoa soketi za koili zote, fungua boliti za 10, vuta koili juu. Ziandike namba kwa kalamu ili kila moja irudi mahali pake.

Sasa mulika tochi ndani ya kile kisima plagi ilimokaa. Mara nyingi utakuta kimejaa maji. Mafundi wenye haraka hufungua plagi hapo hapo, na maji yote ya kisimani yanamwagikia ndani ya silinda. Silinda iliyokuwa kavu inakuwa imejazwa maji na fundi.

Nyonya maji kwa sindano na mpira, kausha kwa kitambaa kilichosokotwa, au puliza kwa kompresa. Ukipuliza, rudisha uso nyuma. Mchanga ulioko chini nao utoke.

Kisima kikikauka, fungua plagi. Zipange mezani kwa mpangilio wa silinda zake na uzitazame. Yenye matone ya maji au tope inakuonyesha silinda iliyokunywa. Iliyolowa na kunuka petroli imepakwa mafuta tu wakati stata ilipopigwa bila kuwaka.

Ingiza mpira wa sindano kwenye kila tundu la plagi mpaka uguse kichwa cha pistoni, uvute. Maji yanayotoka weka kwenye chupa uyaone ni kiasi gani.

Umefanikiwa ikiwa: plagi zote ziko nje, matundu ni makavu kwa juu, na unajua ni silinda ipi iliingia maji.

## Hatua ya 6: Zungusha injini kwa mkono

Bado usiguse stata. Kwenye IST na nyingi za namna yake, toa gurudumu la mbele kulia na lile plastiki la ndani ya bawa, utaiona puli ya krenki. Gari liwe kwenye stendi imara, si jeki peke yake, na gia iwe huru.

Weka soketi kwenye boliti ya puli, zungusha taratibu kwenda kulia, kama mshale wa saa. Toyota nyingi huzunguka upande huo ukiikabili puli. Zungusha mizunguko miwili kamili ili kila pistoni imalize safari zake zote nne. Plagi zikiwa nje inapaswa kwenda kwa wepesi, na maji yaliyobaki yataanza kuchungulia kwenye matundu.

Ikikwama mahali, simama. Rudisha nyuma kidogo, nyonya tena kwa sindano, jaribu. Ikikwama tena mahali pale pale na plagi zote ziko nje, basi si maji yanayozuia. Kuna kilichopinda au kuvunjika. Usirefushe mkono wa spana kwa bomba. Nenda kwenye sehemu ya "Pa kuishia" hapa chini.

## Hatua ya 7: Stata, plagi zikiwa nje

Toa kwanza fyuzi au relei ya pampu ya petroli, na koili zote ziwe zimechomolewa. Tundu la plagi likitema petroli na pakawa na cheche karibu, unawasha moto. Hakuna sigara, hakuna jiko la mkaa jirani, na hakuna mtu anayeinama juu ya injini. Maji hutoka kwa nguvu kwenye matundu.

Rudisha terminali ya betri. Piga stata sekunde tatu hadi tano, pumzika, piga tena. Mwanzo utaona mvuke na matone, baadaye hewa tupu. Weka kitambaa cheupe juu ya matundu, mbali kidogo. Kikibaki kikavu, silinda zimekuwa tupu.

Stata ikilia kwa udhaifu au ikikwaruza, huenda yenyewe imeingia tope. Ifunguliwe isafishwe kabla ya kuendelea, maana maji hukaa ndani yake kimya na kuiua wiki moja baadaye.

Mara matundu yanapokauka, dondosha kijiko kimoja cha chai cha oili safi kwenye kila silinda na uzungushe tena kwa mkono mizunguko miwili. Kazi yake ni kuzipa kuta za silinda utando dhidi ya kutu na kuzisaidia ringi kubana. Usizidishe kijiko hicho. Oili nayo haibaniki.

## Hatua ya 8: Mwaga oili, na utazame kinachotangulia

Gari likae sawa, injini ikiwa imetulia kwa saa moja hivi, ili maji yashuke chini ya oili. Weka ile chupa ya uwazi chini ya nati ya 14, ilegeze polepole. Maji ni mazito kuliko oili, kwa hiyo yakiwemo yatatangulia kutoka. Mafundi wengi huifungua nati yote kwa mara moja juu ya karai chafu, na ushahidi unapotea.

Badilisha filta pia, kisha funga nati na ujaze oili mpya. Filta ya zamani imeshika maji na itayarudisha kwenye oili mpya.

Wapo wanaopenda kusuuza injini kwa dizeli au mafuta ya taa. Mimi siungi mkono. Hayo huosha utando wa mwisho wa oili kwenye beringi za krenki, na mabaki yake huilainisha oili mpya kupita kiasi. Oili ya bei nafuu yenye unene sahihi inasuuza vizuri zaidi: jaza, washa kwa muda mfupi, mwaga.

## Hatua ya 9: Rudisha kila kitu na uwashe

Kausha kabati la hewa, bomba lake na ile mifuko ya plastiki iliyounganishwa nalo, ambayo hupenda kuficha maji kwenye kona za chini. Weka eya klina mpya. Sensa ya hewa iliyo kwenye bomba usiiguse kwa kitambaa wala kidole. Iache ikauke yenyewe.

Plagi ianze kwa vidole mpaka ishike uzi vizuri, ndipo soketi. Ikigusa, plagi mpya yenye washa ongeza nusu mzunguko. Iliyotumika inahitaji kidogo tu. Rudisha koili na fyuzi ya pampu.

Washa bila kukanyaga mafuta. Inaweza kuchelewa kushika, hiyo ni kawaida. Moshi mweupe na maji vitatoka kwenye egzosi dakika za mwanzo, kwa sababu mafla ilijaa, na ule oili wa vijiko utaungua na kutoa harufu. Sikiliza kuliko kutazama. Mlio wa tak-tak unaofuata mwendo wa injini, au mtikisiko unaohisi kwenye usukani gari likiwa limesimama, zima mara moja.

Ikitulia, iache dakika tano bila kuipandisha. Zima, tazama dipstiki. Imegeuka tena rangi ya maziwa? Mwaga, filta ya pili, oili ya pili. Rudia mpaka itoke safi. Kisha badilisha tena baada ya kilomita 500 hivi, hata kama inaonekana nzuri.

Umefanikiwa ikiwa: injini inanguruma sawasawa, moshi umekwisha, taa ya oili imezimika, na dipstiki ni safi hata asubuhi ya kesho yake kabla hujawasha.

## Hatua ya 10: Vilivyo chini ya gari

Hapa ni kwa ufupi, ila usipaache. Gia boksi na difu zina matundu ya kupumulia, na chuma cha moto kikizama ghafla hunyonya maji kupitia humo. Oili ya gia ya otomatiki ikigeuka waridi iliyochafuka, ibadilishwe kabla ya safari. Oili ya difu ya nyuma ya Noah au pikapu ikague kwa kulegeza nati ya chini kidogo. Fungua magurudumu usafishe tope kwenye breki. Beringi ya gurudumu ikianza kuvuma baada ya wiki mbili, usishangae, ni maji yale yale.

Ndani ya gari, ng'oa kapeti lote likauke juani. Chini yake mara nyingi zinapita nyaya.

## Kama yalikuwa maji ya chumvi

Lindi mjini, Mikindani na sehemu za chini za pwani ya Kilwa, mvua kubwa ikikutana na bamvua, mifereji haina pa kumwaga, na bahari yenyewe inapanda hadi barabarani. Onja kwa ncha ya kidole kilichogusa chasisi, au tazama alama nyeupe ikikauka.

Chumvi hailali. Osha chini yote ya gari, injini kwa nje, na breki kwa maji mengi ya bomba au ya kisima kitamu, bila presha kali juu ya soketi za umeme. Kila soketi iliyozama ifunguliwe, isuuzwe kwa maji safi, ikaushwe, ipuliziwe dawa ya kusafishia umeme. Alteneta na stata zifunguliwe bila kusubiri dalili. Gari lililozama kwenye maji ya bahari hadi usawa wa viti, mara nyingi gharama ya umeme wake huzidi thamani ya kulitengeneza.

## Dizeli

Land Cruiser, Hiace ya dizeli, Canter: kanuni ni ile ile, hatari ni kubwa zaidi. Injini ya 1HZ ina silinda ya karibu mililita 694, lakini nafasi inayobaki juu ya pistoni ni kama mililita 32 tu, kwa kuwa dizeli hubana zaidi. Silinda kubwa, nafasi ndogo.

Haina plagi za moto, kwa hiyo hutolewa plagi za kupashia joto, au nozeli pale plagi hizo hazipo. Nozeli ni kazi ya fundi wa pampu, washa zake hazirudiwi. Baada ya hapo fuata hatua ya 6 na kuendelea. Snokeli, lile bomba la kuvutia hewa lililopandishwa hadi usawa wa paa, husaidia tu ikiwa maungio yake yote yamezibwa. Nyingi zilizofungwa kwa urembo huvuja hewa ndani ya bawa, na maji hupita hapo hapo.

## Pa kuishia

Simama na uvute gari hadi kwa fundi wa kufungua injini ikiwa: puli haizunguki plagi zikiwa nje, kuna mlio wa chuma, au silinda moja ina kompresheni (nguvu ya kubana hewa) ndogo kuliko wenzake. Kipimo cha kompresheni gereji nyingi wanacho. Kwa 1NZ-FE, tofauti kati ya silinda na silinda isizidi kama kilo moja kwa sentimita ya mraba. Inayozidi, baada ya injini kunywa maji, kwanza ishuku konrodi: ikipinda inakuwa fupi, pistoni haifiki juu.

Usikubali kuambiwa "itazoea." Konrodi iliyopinda kidogo inaweza kutembea wiki kadhaa ikiwa na mtikisiko mdogo tu, kisha ikakatika ukiwa mwendo mkubwa kati ya Nangurukuru na Mbwemkuru, na kutoka na kipande cha bloku.

## Kabla hujaingia kwenye maji tena

Pima urefu wa mdomo wa hewa wa gari lako kutoka ardhini, uuandike. Kwa gari dogo, maji yanayofika katikati ya gurudumu ni mwisho, na kama yanatembea, hata hayo ni mengi. Usiyaingie maji usiyoona chini yake bila kuona gari lenye kimo kama lako likivuka. Mapema Mei 2024, mvua za Kimbunga Hidaya zilikata barabara kuu ya Dar es Salaam–Lindi sehemu kadhaa wilayani Kilwa, Somanga ikiwemo, na magari yakalala njiani. Chini ya maji yale, lami yenyewe haikuwepo tena.

Ukiamua kuvuka, zima AC ili feni isirushe maji, weka gia ya kwanza au L, nenda kwa mwendo wa mtu anayetembea, usibadilishe gia wala kuachia mafuta katikati. Ukiona semi linakuja, subiri lipite kabla hujaingia. Kwenye maeneo yanayofikiwa na bahari, uliza wavuvi maji yanajaa saa ngapi. Kutoka kujaa hadi kupwa ni kama saa sita, na mara nyingi saa mbili za kusubiri zinatosha barabara kuonekana.

Ukishatoka upande wa pili, nenda taratibu huku ukigusa breki mara kadhaa mpaka zishike vizuri, kisha simama, fungua boneti, na uangalie eya klina kabla ya kuendelea na safari.